Taa Nilizozichomoa

Sasa kwa kuwa nimestaafu na hakuna mteja wa kunisikia, nikiri jambo moja mbele yenu ninyi mliobaki pale atelier, karakana yetu. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi mzuri mwenye ugomvi wa kijinga, na ugomvi wenyewe ulikuwa na taa. Nasema zile taa za rangi zinazopachikwa ndani ya kompyuta za michezo: feni zinazozunguka na rangi zote, ukanda wa taa unaozunguka sanduku lote, kibodi inayometameta mtu akiandika barua ya kuomba ruhusa. Nilizichukia, nikazichomoa popote nilipozikuta, na kidogo tu zinipotezee jina. Baadaye zilinirudishia jina hilo mbele ya watu. Hayo ndiyo nitakayoandika. Habari za vyeo na mishahara waulizeni wenye vyeo na mishahara.

Nilianza kazi hapa Bukavu, mtaa wa Kadutu, kwa Muzee Cirhuza, aliyetengeneza redio katika chumba chenye dirisha moja na paka wawili. Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati jeupe alilolipiga pasi maman yangu, kana kwamba nakwenda kupokea kipaimara. Muzee alilitazama shati, akanitazama mimi, akanisogezea kigoda.

“Ikala pale. Usiguse kitu. Angalia tu.”

Niliangalia siku tatu. Siku hizo parokia na shule bado zilileta redio kubwa za mbao, zenye lampe za kioo ndani yake. Muzee aliufungua mgongo wa redio, akaiwasha, kisha akaweka mikono nyuma. Lampe ziliwaka polepole, rangi ya machungwa. Moja ikawa imepauka, nyingine ikageuka nyekundu kupita kiasi, na yeye alikuwa ameshajua mgonjwa ni nani kabla hajashika bisibisi. Siku ya nne nilimuuliza kama kazi ya redio ni kutazama tu.

“Mutoto, mukono inadanganyaka,” aliniambia. “Na mudomo ya mwenye redio inadanganyaka zaidi. Angalia mwanga kwanza.”

Kuhusu mdomo wa mwenye redio nilimwelewa mapema. Wiki ileile mwalimu mmoja alileta redio iliyojaa mchuzi wa sombe, majani ya muhogo yakiwa bado yameng'ang'ania ndani, akaapa kwamba imeharibika yenyewe ikiwa juu ya kabati. Muzee alichomoa jani, akalinusa, akasema mpishi ameweka chumvi nyingi. Tangu siku ile hadi nazeeka sikukutana na mteja hata mmoja aliyekubali kwamba kosa ni lake. Mashine ndiyo yenye makosa, au fundi, au umeme wa mji.

Chombo cha kwanza alichoniachia nishike ni ule ubao ulioko mpaka leo kwenye msumari karibu na mlango wenu. Ni ubao, balbu na nyaya mbili, basi. Unapitisha umeme kwenye balbu kabla haujafika kwenye redio. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, nyaya zimegusana huko ndani, usiendelee. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endelea. Muzee aliuita lampe témoin, shahidi. Alipofariki watoto wake waligawana redio na viti, mimi nikaomba ubao. Walinionea huruma.

Redio za mbao zikaisha, zikaja televisheni, kisha kompyuta za ofisi, nami nikahamia mtaa wa Ibanda waliko wenye ofisi. Zilikuwa mashine za kijivu zenye adabu. Zilikuwa na taa moja ndogo ya kijani mbele: inawaka, maana yake ninafanya kazi, imezima, maana yake niacheni. Niliona hiyo inatosha kwa kiumbe yeyote. Umeme wetu ukifika nyumbani umeshachoka, mnaujua, kwa hiyo nilijizoeza kuchomoa kila kinachokula umeme bila kazi. Na nilikuwa na desturi nyingine, niliyowafundisha nyote na ambayo leo naomba mnisamehe. Nikienda kununua alimentation, kile kisanduku cha chuma kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo wa kompyuta, nilikipima kwa kiganja. Kizito nilikichukua, chepesi nilikirudisha. Shaba ni nzito, nilisema, na kizuri kina shaba nyingi.

Halafu akaja Trésor. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, mrefu, mwenye maneno mengi kuliko vitabu. Alileta sanduku lenye ubavu wa kioo, na alipoliwasha mezani pangu, ukuta mzima ukawa zambarau. Nilidhani limeunguza kitu, nikachomoa waya ukutani.

“Papa Bisimwa, njo vile iko!” alipiga kelele. “Iko muzima! Niliileta juu ya kelele ya feni tu!”

“Mashini inafanya kazi na kichwa, haifanye na mapambo,” nilimjibu.

Niliitengeneza feni. Na taa nikazichomoa zote, bila kumwuliza, nyaya zake nikazifunga vizuri kwa mpira kama mboga za soko. Aliporudi na kuona sanduku lake jeusi, machozi yalimlengalenga, mtu mzima na ndevu zake. Niliona nimemfanyia wema. Kesho yake nikaandika kibao na kukipigilia juu ya meza: HAPA HAKUNA DISCO. Kila mashine ya michezo iliyoingia, jambo la kwanza lilikuwa kuchomoa taa, ndipo nipime. Wateja walinung'unika, lakini walirudi, kwa sababu mashine zilipona.

Nsimire alipokuja kufanya kazi kwangu alikikuta kibao hicho. Alikuwa amesoma électronique, ana mkono mwepesi kwenye soudure, kazi ya kulehemu, na ana tabia ya kunyamaza kwa namna inayokufanya uhisi umeulizwa swali. Alikisoma kibao, akaninyamazia. Miaka minne tulifanya kazi meza moja, na kila nilipochomoa taa alininyamazia tena.

Mwaka wangu wa mwisho ndipo Maman Noëlla alipokuja. Mnamkumbuka: mjane mwenye biro ya photocopie, ofisi ya kunakili karatasi, kule karibu na shule, ambako nusu ya Ibanda ilichapishiwa mitihani. Alikuwa ameifunga biro hiyo, iliyowasomesha watoto wake, na mahali pake alitaka sala, yaani ukumbi, ya michezo yenye kompyuta sita.

“Papa Bisimwa, miye sijue hizi vitu,” alisema. “Niliuliza tu nani habahatishake, banasema weye. Utanijengea zote sita. Na nataka iwake! Batoto bapite mu barabara baone.”

Nilimeza mate, nikakubali taa. Alimentation nilikwenda kuzichagua mwenyewe mtaa wa Nguba, kwa mwuzaji tunayemjua. Alikuwa na aina mbili rafuni. Alinisogezea zile nyepesi, akasema ni modèle mpya, ni nzuri. Nilipima moja kwa kiganja nikacheka.

“Iyi ni ya kubebea sambaza,” nilimwambia, yaani dagaa wetu wa ziwani.

Nikachukua nzito, lakini zilikuwa nne tu, kwa hiyo mbili za mwisho nikachukua nyepesi shingo upande. Hizo mbili nikazitia kwenye mashine za pembeni, zisinitie aibu.

Sala ilifunguliwa, ikajaa siku hiyohiyo. Maman Noëlla akatangaza mashindano: mbio za magari, Ibanda watatu dhidi ya Kadutu watatu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mchana, watu wote waje waone. Kisha mashine zikaanza kuzima. Mtu yuko katikati ya mbio, pap, kioo cheusi, gari lake limesimama barabarani. Baada ya dakika inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Niliuliza ni mashine ipi, nikapata majibu sita, kwa sababu kila aliyeshindwa alisema yake ndiyo iliyozima. Trésor, ambaye sasa alikuwa nahodha wa Ibanda, alidai yake imezima mara nne kwa siku moja. Nilikuwa nimeketi nyuma yake siku hiyo. Ilizima mara moja. Mara tatu aligonga ukuta.

Nililaumu umeme. Nikabadilisha stabilisateur inayotuliza umeme, nikaongeza batri na onduleur ili umeme wa mji ukizima sala isihisi. Zikazima. Nikabeba mashine moja moja hadi atelier, nikachomoa taa kama kawaida yangu, nikaweka multimètre: volti kumi na mbili safi, kila moja. Nikazirudisha sala pamoja na taa zake, zikazima. Zilikuwa zimebaki siku sita kabla ya Jumamosi ile.

Basi nikafanya ujinga wangu mkubwa kabisa. Nilitangaza kwamba taa ndizo zinazokula umeme, nikazichomoa zote, mashine sita, asubuhi moja. Sala ikawa giza. Maman Noëlla akasimama mlangoni na mkoba wake kifuani.

“Papa, batoto batakuya kucheza mu majeneza?”

“Maman, sasa hazitazima tena. Ikala mwenyewe ucheze.”

Aliketi, yeye ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, akaliongoza gari lake majanini kwa muda mrefu huku vijana watano wakimpita na kumpita tena. Tulikuwa tumeanza kucheka. Mashine yake ikazima.

Hakupiga kelele. Alisimama, akanyoosha kitenge chake. “Mimi nilifunga biro yangu,” alisema. “Ile siku ya mashindano, kama inazima mbele ya batu, hakuna mwenye atarudia. Na nikiulizwa nani alijenga, nitasema jina yako, Papa. Sitadanganya.”

Nilitembea hadi atelier kwa miguu ingawa mvua ilikuwa imeanza. Nilikuwa na hofu, nawaambia wazi. Mtu anaweza kukosea akiwa na miaka thelathini, atarekebisha na kazi inayofuata. Mimi sikuwa na kazi inayofuata. Nsimire aliniona nilivyoloa, akanipa kitambaa, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne hakuninyamazia.

“Papa, unisikie kwa moja tu,” alisema. “Kesho turudishe zile taa. Zote. Tuziweke rangi nyeupe, hakuna ingine. Halafu tuite batoto bacheze masaa mbili, na sisi tuikale nyuma.”

“Tuikale nyuma tufanye nini?”

“Tuangalie.”

Sijui kama alijua neno hilo lilinigonga wapi.

Kesho yake asubuhi sala ilifungwa kwa wateja. Nsimire alirudisha kila waya, kwa subira, akashusha mapazia, akaweka masanduku yote sita kwenye rangi moja, nyeupe ya shuka. Trésor na wenzake watano wakaanza mbio. Saa ya kwanza hakuna kilichotokea, nami nikaanza kuangalia magari.

“Papa, angalia rangi. Usiangalie mbio.”

Ilikuwa baada ya saa moja na kitu, mashine zimeshapata moto. Nyeupe ya mashine ya pili haikuwa tena nyeupe. Ilikuwa imekuwa rangi ya uji wa mahindi, kidogo sana. Kama isingekuwa imekaa kando ya nyingine nyeupe nisingeona. Nikasema ni macho yangu tu. Sijamaliza, mashine ya pili ikazima.

“Sasa ya inne,” alisema Nsimire kwa sauti ya chini. “Hesabu.”

Ya nne ilikuwa imeanza kupata manjano. Nilihesabu hadi kumi na saba. Ikazima. Vijana wakapiga kelele, Trésor akaapa kwamba alikuwa anaongoza, na mimi nikagundua kwamba nimesimama na mikono nyuma. Nilikuwa nimerudi Kadutu, kwenye kigoda, na lampe za machungwa mbele yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na chini ya aibu hiyo nilihisi furaha ambayo sikuwa nimeihisi kazini kwa muda mrefu.

Mambo yenyewe ni haya, yaandikeni. Ule ukanda wa taa unakunywa kwenye umeme uleule wa volti kumi na mbili unaolisha carte graphique, ile kadi inayochora picha za mchezo. Alimentation ikichoka, volti zinashuka, na katika ukanda wa namna hiyo rangi ya buluu ndiyo inayofifia kwanza. Nyeupe bila buluu inakuwa manjano. Multimètre yangu ilisema kumi na mbili kwa sababu nilipima mashine iliyopoa, isiyocheza, na shahidi nilikuwa nimeshamtoa nje kabla hajasema neno. Kila mashine ya michezo iliyoletwa mezani pangu ilikuja na lampe témoin yake, na mimi nilikuwa nazifunga kwa mpira kama mboga.

Tuliendelea hadi saa ya pili iishe. Mashine nne zilikuwa zimegeuka uji. Mbili zilibaki nyeupe tangu mwanzo hadi mwisho: zile za pembeni.

Nilifungua moja ya zile nne pale pale, mezani kwa Maman Noëlla. Ndani ya kile kisanduku kizito kulikuwa na shaba kidogo, vyuma vyembamba vya kupozea, na chini kabisa, kimefungwa vizuri kwa utepe mweusi, kipande cha saruji. Kipande cha saruji! Mtu fulani huko kiwandani alijua kwamba kuna mzee Bukavu anayepima kwa kiganja, akamwandalia uzito wake. Nsimire alikishika, akanitazama, akauma midomo ili asicheke. Nilianza mimi. Nilicheka mpaka ikabidi nikae.

“Mukono inadanganyaka,” nilisema, na ikabidi nimweleze Maman Noëlla kwamba maneno hayo si yangu.

Mwuzaji wa Nguba aliniona toka mbali.

“Papa Bisimwa! Unakuya kununua ya sambaza?”

“Inne,” nilimjibu. “Na ucheke yote leo, kesho sitakuya.”

Akacheka yote. Nilirudi nimebeba alimentation nne kwa mkono mmoja, nyepesi kama alivyokuwa ameniambia tangu mwanzo. Tulizifunga siku hiyo, tukazichezesha Alhamisi kutwa na Ijumaa kutwa, mimi nikiwa nyuma na mikono yangu. Nyeupe ilibaki nyeupe. Ijumaa, nikipita atelier, nilikitoa kile kibao juu ya meza. Nsimire akaniuliza akitupe wapi, nikamwambia ni ubao mzuri, agandishe balbu na nyaya nyuma yake, apate shahidi wake mwenyewe.

Jumamosi watu walijaa mpaka barabarani. Waliokosa nafasi walitazama kwa dirisha, na wale wa Kadutu walikuwa wamekuja na ngoma, ambayo Maman Noëlla aliikataza na ambayo ilipigwa. Mimi ni mtoto wa Kadutu, lakini siku ile sikuwa na timu. Vijana walitaka rangi zao, timu moja buluu na nyingine nyekundu. Nsimire akawaambia leo ni nyeupe, fundi ameamuru. Waliniangalia kwa heshima. Nadhani walifikiri ni sheria ya mashindano.

Mbio ya kwanza, Ibanda. Mbio ya pili, Kadutu. Katikati ya ile ya tatu, ya mwisho, mji ukazima. Feni za ukutani zilisimama, balbu ya dari ikafa, na watu wote wakavuta pumzi pamoja. Onduleur ikalia klik. Sikuangalia magari wala vioo. Niliangalia masanduku sita katika giza lile, na masanduku sita yalikuwa meupe, meupe kabisa, kama meno. Nadhani nilipiga kelele. Nsimire anasema nilipiga, na kwamba nilimkamata Maman Noëlla begani, naye akanikamata mimi.

Magari hayakusimama hata moja. Kadutu walishinda kwa pua ya gari, ngoma ikalia, mtu akamwaga soda. Trésor alikuwa wa pili. Alivua vifaa vyake vya masikioni taratibu, akaviweka mezani, na kila mtu, kwa kuwa alimjua, alikuwa anangoja alalamike. Maman Noëlla aliniangalia. Niliiangalia mashine ya Trésor: nyeupe.

Alisimama na urefu wake wote, akanitafuta kwa macho kati ya watu.

“Papa Bisimwa,” alisema, “mashini ilikuwa muzuri. Ni miye nilikosa virage, ile kona ya mwisho.”

Nilimwomba arudie, kwa sauti. Akarudia, na mwisho wa mwezi ule nikamkabidhi Nsimire ufunguo wa atelier.